DaVinci Resolve ya bure kwa filamu ya majini, vichekesho na nyimbo: tathmini baada ya kukamilisha filamu ya dakika 19

Filamu yetu inaanza na mpiga kinanda wa bendi ya harusi anayeinama chini ya meza kutafuta plagi iliyochomoka, na huko chini anaona kwamba waalikwa wote, kuanzia mama wa bibi harusi hadi mtoto anayelamba askrimu, wana kwato. Kuanzia hapo bendi inalazimika kupiga bila kusimama, kwa sababu mwenye shughuli alikwisha kutamka mapema kwamba muziki ukikatika kabla ya adhana ya alfajiri, wapigaji hawatarudi makwao. Yeyote aliyekulia pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, amewahi kusimuliwa kisa cha mwanamke mrembo mwenye miguu ya punda. Sisi tulichofanya ni kumwongezea ukoo mzima, ukumbi na bendi.

Tuko sita, tulisoma pamoja sekondari hapa Tanga, na hakuna kati yetu anayekula kwa filamu: mmoja anafundisha hisabati, mmoja anasuka nywele, wawili wanapiga katika bendi halisi ya harusi, na sisi wawili tuliobaki tunauza katika maduka ya watu. Tulichokuwa nacho ni kamera ya mtumba aina ya Canon 600D, modeli iliyotoka mwaka 2011, simu mbili za kawaida, maikrofoni moja ya kubana kwenye kola, na bajeti ya shilingi 186,000 ambayo zaidi ya nusu yake iliishia kwenye wali wa waalikwa, kwa kuwa jini mwenye njaa haigizi. Damu tulipika wenyewe kwa uji wa unga wa muhogo na rangi nyekundu ya ubuyu, nayo inang'aa vizuri kwenye picha lakini kwenye kanzu ya kuazima haijatoka hadi leo. Kwato tulizifinyanga kwa magazeti yaliyolowekwa katika gundi ya unga wa ngano. Hesabu hiyo haikubakiza hata senti ya programu ya kuhariri, na ndiyo maana tathmini hii inahusu toleo la bure la DaVinci Resolve, nikilipima kwa jambo moja tu: kama linawafaa marafiki wanaotaka kutisha, kuchekesha na kuimba ndani ya filamu moja, kwa vifaa vya namna hii.

Asili ya programu yenyewe si ya watu wa hali yetu. Jina la da Vinci lilianza mwaka 1984 huko Florida, Marekani, likiwa la mitambo ya kusahihisha rangi za filamu na televisheni, na kwa miaka mingi mitambo hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, kwa studio kubwa pekee. Mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Melbourne, Australia, iliinunua, na mwaka 2011 ikatoa toleo ambalo mtu yeyote angeweza kulipakua bila malipo. Baadaye ikanunua Fusion, programu ya picha za kiini macho, na Fairlight, kampuni ya Sydney ambayo wazee wa muziki wanaikumbuka kwa kinanda chake cha kunasa sauti cha mwaka 1979. Fairlight ikaingizwa katika toleo la 14 mwaka 2017, na Fusion katika toleo la 15 mwaka 2018. Anayeifungua leo anakutana na kurasa zilizopangwa chini ya skrini, kila moja ikiwa kama karakana ya fundi tofauti: huku mkataji wa picha, huku mtu wa rangi, huku mtu wa sauti, huku mtu wa viini macho, na mwisho kabisa mlango wa kutolea mzigo.

Neno bure hapa lina maana yake kamili, na nalisema hilo kwa sababu tumezoea kudanganywa nalo. Toleo hili halina kikomo cha siku, halibandiki nembo juu ya picha, na linatoa filamu hadi ukubwa wa nukta 3840 kwa 2160, ambao ni zaidi ya kile ambacho televisheni nyingi za mtaani zinaweza kuonyesha. Programu kadhaa za simu tulizoanza nazo miaka ya nyuma zilikuwa zikipiga muhuri wake kwenye kona ya kila picha mpaka ulipie, na hakuna jini anayetisha huku ameandikwa jina la programu begani. Njia nyingine inayofahamika ni programu ghali zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwenye flashi kwa bei ya chakula cha mchana. Tuliwahi kununua moja, ikatuingizia virusi vilivyofuta picha zote za mahafali ya mtoto wa jirani, na tangu siku hiyo suala hilo halijadiliwi tena katika kundi letu.

Gharama halisi ya Resolve imo kwenye kompyuta. Faili la kupakua peke yake linazidi GB 2, jambo linalomaanisha bando la kutosha na usiku mmoja wa subira, na kampuni yenyewe inataka mashine ya Windows yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 16, au GB 32 kwa anayekusudia kutumia Fusion. Laptopu yetu ya mtumba ilikuwa na GB 8. Programu ilifunguka, lakini kila tulipoweka klipu ya tatu juu ya ya pili picha ziligeuka mfululizo wa picha mnato, na hilo si kosa la programu, maana masharti yake tuliyasoma tukayapuuza. Tuliongeza RAM ikafika GB 16, tukabadilisha diski ya kuzunguka kwa diski ya SSD, na kazi ikaanza kwenda kwa mwendo wa mkokoteni ulionyooka.

Kilichotuokoa zaidi ni proksi, yaani nakala nyepesi za klipu ambazo programu inazitengeneza ili mhariri afanye kazi nazo, kisha wakati wa kutoa filamu inarudi yenyewe kwenye klipu asilia. Video za simu na za kamera kama yetu zimebanwa kwa mtindo wa H.264, ambao unaokoa nafasi kwa kuhifadhi fremu moja nzima, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, na baada yake kuandika mabadiliko tu, kwa hiyo kompyuta inapotaka kukuonyesha fremu ya katikati inalazimika kukokotoa zote zilizotangulia. Proksi zinaondoa kazi hiyo, ila zinakula diski kwa pupa. Ukweli huu wa diski si wa kwetu peke yetu. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, ambaye filamu zake za mapigano na vichekesho zilizotengenezwa na majirani kwa pesa ndogo zimemfikisha mbali duniani, alilazimika kuiondoa filamu yake kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza inayofuata. Kabla hamjanunua taa, nunueni diski ya nje.

Mwenzetu mmoja ana kompyuta yenye Linux, akafurahi kuona kwamba Resolve ipo kwa mfumo huo, lakini furaha yake ilikuwa fupi, kwa kuwa toleo la bure la Linux halifungui video za H.264, na video zetu zote zilikuwa za aina hiyo. Inawezekana kuzigeuza kwanza kwa programu nyingine, lakini kwa kundi linalohama na flashi mkononi, hiyo ni hatua moja zaidi ya kusahau.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo laiti tungelijua mapema, lingetuokolea wiki mbili. Kabla hujaweka klipu ya kwanza, Resolve inataka uamue filamu yako itakuwa na fremu ngapi kwa sekunde, na ukishaweka klipu hiyo uamuzi unafungwa. Sisi hatukuamua, tukaacha iliyokuwapo. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya mrija inapepesa mara mbili katika kila mzunguko, maana yake mara 100 kwa sekunde. Kamera inayopiga fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ikifunguliwa kwa sehemu ya 1 kwa 50 ya sekunde, inabeba idadi kamili ya mipepeso hiyo na jicho halioni kitu, lakini simu zetu, ambazo kama simu nyingi za Android zimezoea fremu 30, zilinasa ukumbi mzima ukiwa unapepesa kama tumbo la mtu aliyechoka kukimbia. Kwa filamu ya majini unaweza kujidai kwamba ulikusudia. Kwa sini ya jikoni, ambapo mpishi wa harusi anagombana na mpiga ngoma juu ya paja la kuku, hakuna wa kumdanganya. Kifaa cha kuondoa mpepeso kimo ndani ya Resolve, ila ni cha toleo la kulipia linaloitwa Studio, na ukikijaribu katika toleo la bure programu inakubandikia maandishi juu ya picha.

Simu zina ila ya pili, ambayo ni kubadilisha idadi ya fremu kimyakimya kadiri mwanga unavyopungua au betri inavyopata joto. Matokeo yake ni kwamba mdomo na sauti vinaanza pamoja na kumaliza mbalimbali. Katika wimbo wa dakika 4, mwimbaji wetu alikuwa amekwisha kufumba mdomo huku sauti yake ikiendelea kubembeleza. Tuliwaita watu, tukacheka sana, kisha tukazipitisha klipu zote za simu katika HandBrake, programu nyingine ya bure, ili zipate fremu za kudumu kabla ya kuingia Resolve. Blackmagic wana programu yao ya kamera, nayo ni ya bure, iliyotoka mwaka 2023 kwa iPhone na mwaka 2024 kwa Android, ambayo inakuruhusu kufunga fremu 25 na muda wa kufunguka kwa kila fremu. Kwa upande wa Android, hata hivyo, ilianza na orodha fupi ya simu za bei kubwa, na za kwetu hazikuwamo. Kamera ya Canon haina tabu hiyo mradi tu uibadilishe katika menyu yake kutoka NTSC, mfumo wa fremu 30, kwenda PAL, mfumo wa fremu 25, kazi ya sekunde 10 ambayo sisi tuliifanya siku ya tatu.

Upungufu mkubwa wa toleo la bure unamgusa mtu wa filamu za kutisha kuliko mtu mwingine yeyote. Anayepiga picha za harusi ya kweli mchana hatauona. Sisi tulipiga gizani, kamera ikiwa imesukumwa hadi mwisho wa usikivu wake, na giza likajaa chenga zinazochemka kama maharage. Kupunguza chenga za picha ni kazi ya Studio peke yake, na bei ya Studio ni dola 295, zaidi ya shilingi laki saba, karibu mara nne ya bajeti yetu nzima. Nakiri kwamba ni bei ya haki: unalipa mara moja tu, na hadi sasa matoleo mapya yamekuwa yakitolewa kwa wenye leseni bila nyongeza. Lakini haki na uwezo ni vitu viwili.

Tukarudi kwenye ukurasa wa rangi, na hapo ndipo programu ilipoonyesha ilikozaliwa. Sini ya wanamuziki wanaokimbia nyuma ya ukumbi tuliipiga upya saa kumi na mbili kasoro jioni, mwanga ukiwa bado wa kutosha na jua likiwa nyuma ya minazi, kisha tukaigeuza usiku. Kazi inafanyika kwa nodi, vijisanduku vinavyounganishwa kwa nyuzi, kila kimoja kikibeba badiliko moja: cha kwanza kinashusha mwanga wote, cha pili kinapunguza ukali wa rangi na kusogeza kivuli kuelekea buluu, cha tatu kina duara lililolegezwa kingo ambalo linauacha uso wa mwigizaji uonekane kidogo na kumfuata anapokimbia, cha nne kinaifukia anga, kwa sababu anga nyeupe ndiyo inayofichua udanganyifu huu kabla ya kitu kingine. Hayo yote yamo katika toleo la bure, pamoja na ufuatiliaji wa uso kwa duara. Chenga hazikuwapo kwa kuwa mwanga ulikuwapo. Mpiga kinanda wetu, ambaye hana subira na kompyuta, alitazama na kusema, "Kumbe usiku unapikwa kama pilau, rangi kwanza," na tangu hapo tunaiita kazi hiyo kupika usiku.

Lakini kama ningeambiwa nitaje ukurasa mmoja unaostahili bando lote lile, ningetaja Fairlight, wa sauti, nami nashangaa kwamba watu wanaoisifu Resolve huishia kwenye rangi. Filamu ya kutisha isiyo na pesa haiwezi kuonyesha jini kwa muda mrefu. Kwato zetu za magazeti zilivumilia kutazamwa sekunde moja na nusu, baada ya hapo ukaonekana ukurasa wa michezo. Kwa hiyo jini lazima asikike. Vichekesho navyo vinasimama kwa maneno yanayosikika, na wimbo ni sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipiga katika ukumbi wenye feni tatu, mashine ya kusaga upande wa pili wa ukuta, na jenereta kila umeme ulipokatika, na mwanzoni tuliamini kwamba nusu ya mazungumzo yamekufa.

Mvumo wa umeme una anwani yake, hezi 50 na mafungu yake ya 100 na 150 na kuendelea, na Fairlight ina kifaa maalumu kinachozipata hezi hizo na kuzinyofoa bila kugusa sana sauti ya mtu. Mvumo wa feni unaondolewa kwa kifaa kingine kinachotaka kwanza kuusikia ukiwa peke yake ili kiujue. Hapa nawapa ushauri ambao hautagharimu kitu, kwamba kila mnapomaliza kupiga mahali fulani, watu wote wanyamaze na mnase nusu dakika ya ukimya wa mahali pale. Kifaa kikubwa zaidi, cha kutenganisha sauti ya binadamu na makelele yote kwa akili ya kompyuta, ni cha Studio, na mashine ya kusaga ilitushinda kabisa. Maneno ya sini ile yalirekodiwa upya chumbani, magodoro mawili yakiwa yamesimamishwa ukutani, kwa msaada wa sehemu ya Fairlight inayompa mwigizaji milio ya kuhesabu kabla ya zamu yake na kupanga majaribio yake moja baada ya jingine. Msusi wetu, anayecheza mama wa bibi harusi, alirudia sentensi moja mara kumi na nne, na jaribio la tisa ndilo lililomo.

Mlio wa kwato ni vifuu viwili vya nazi juu ya sakafu ya saruji, kama ambavyo kila mtoto wa pwani amewahi kucheza. Vikiwa peke yake vinachekesha. Tuliviweka katika tabaka tatu: vifuu vyenyewe vikiwa vimefungwa kanga ili visilie kwa ukali, kokoto zinazosuguliwa kwa soli ya kiatu, na kofi moja ya godoro iliyoshushwa sauti hadi ikawa mngurumo. Kila tabaka lina njia yake, kila njia ina visahihishi vyake, na vyote vinaishia kwenye mfereji mmoja ambao unaupandisha au kuushusha kwa mkono mmoja, kwa hiyo kwato zilipotakiwa kusogea kutoka nyuma ya ukumbi hadi karibu na sikio la mpiga kinanda, ilikuwa kazi ya dakika tano. Mwenye shughuli anachezwa na mwalimu wa hisabati, mtu mwenye sauti nyembamba ya upole, na mara ya kwanza tuliishusha sauti yake yote na kuijaza mwangwi mpaka akawa kama jitu la michezo ya redio. Jambo lililotisha kweli ni kumwacha na upole wake na kushusha maneno mawili tu ya mwisho katika kila sentensi. Hilo programu haikufundishi, bali inakupa nafasi ya kulikosea mara ishirini bila kuharibu rekodi ya asili.

Kwa upande wa muziki, utaratibu ulikuwa ule unaojulikana na kila aliyewahi kutengeneza video ya wimbo: wimbo ukarekodiwa wote kwanza, kisha siku ya picha ukachezwa kwenye spika na bendi ikajifanya inapiga. Kamera na simu zote mbili ziliachwa zinase sauti ile ya spika, hata kama ilikuwa mbaya, kwa sababu Resolve inaweza kulinganisha mawimbi ya sauti ya klipu na kuzipanga zote zilingane na rekodi safi. Ukishazipanga, unazifunga kuwa klipu moja yenye pembe tatu, unauacha wimbo uende, na unabofya pembe unayoitaka kadiri mdundo unavyokuelekeza. Kamera yetu hukata klipu kila faili linapofika GB 4, kama dakika 12, kwa hiyo hakuna aliyepata fursa ya kunasa bendi ikichoka kwa kweli, ingawa ndiyo iliyokuwa nia ya mwongozaji, ambaye ni mimi.

Kuhusu ukataji wa vichekesho sina mengi, kwa kuwa kukata ni kukata katika programu yoyote, isipokuwa kwamba hapa unaweza kusogeza mkato kwa fremu moja moja huku ukitazama fremu ya kutoka na ya kuingia kwa pamoja, na kicheko kinakaa ndani ya fremu hizo. Mpiga ngoma anapoambiwa kuhusu kwato, anaangalia chini, anaangalia mpunga uliomo sahanini mwake, kisha anaendelea kula. Tulipomwacha fremu 30 kabla ya tonge, hakuna aliyecheka. Tulipofikisha 44, mke wake mwenyewe alilia kwa kicheko. Fusion nimeigusa mara moja tu, kumpitisha bibi harusi ukutani, na kwa mashine yetu kila sekunde ilidai kikombe cha chai. Mengi ya mambo hayo yanawezekana kwa kamera iliyotulia kwenye stendi, ukumbi mtupu ukapigwa kwanza, na mwigizaji akawekwa juu yake kwa kufifishwa, palepale kwenye ukurasa wa kawaida wa kuhariri.

Kufanya kazi pamoja kunataka nidhamu. Mradi wa Resolve hauonekani kama faili kwenye folda zako, bali unakaa katika maktaba ya ndani ya programu, na wengi wanaoanza wanadhani wamepoteza kazi. Ukitaka kumpa mwenzako lazima uutoe, ndipo unapata faili dogo linalopita hata kwa WhatsApp, ingawa ndani yake hamna picha wala sauti. Yeye anatakiwa awe na klipu zilezile kwenye diski yake na aionyeshe programu zilipo. Sisi tulibadilisha majina ya folda katikati ya kazi, tukalipia ujinga huo kwa Jumamosi nzima. Kwa upande mwingine, programu huhifadhi kila badiliko papo hapo bila kuambiwa, na katika miezi ya kukatikakatika kwa umeme, na betri yetu ya laptopu ikiwa pambo tu, hatukupoteza zaidi ya mkato mmoja. Menyu zote ni za Kiingereza au lugha nyingine za mbali, Kiswahili hakimo, lakini vitabu vya mafunzo vinapakuliwa bure kwenye tovuti ya kampuni pamoja na klipu za mazoezi, na mwalimu wa hisabati ametuandikia daftari la maneno tunayoyahitaji.

Kwenye kutoa filamu, chagueni H.264 hata kama H.265 inajisifu kwa udogo, kwa kuwa televisheni nyingi za zamani zikichomekewa flashi haziitambui, na hakikisheni faili halifiki GB 4, kwani flashi iliyopangwa kwa FAT32 hailipokei. Tuliyajua hayo mlangoni mwa kibanda umiza tulichokikodi usiku mmoja, watazamaji wakiwa wamekwisha kukaa, mwenye kibanda akitukumbusha kwamba mechi inaanza saa nne. Laptopu ikaunganishwa moja kwa moja na sabufa. Kwato zilipoanza kusogea, bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake aliinama taratibu akatazama chini ya benchi, kisha akapandisha miguu yake juu na kuikalia.

Kwa kundi lenye kompyuta ya RAM GB 16 na subira ya mwezi mmoja wa kujifunza, nalipendekeza toleo hili la bure bila kusita; kwa wenye simu pekee, au wanaotaka klipu ya kuchekesha iwe mtandaoni kabla ya magharibi, wabaki na programu za simu. Kuhusu Studio, tulipiga kura baada ya onyesho, na kura zilikuwa tano kwa moja: filamu ya pili, ya mchawi anayeomba nafasi katika kwaya, tutainunulia taa mbili na nyaya ndefu, chenga zisiingie tangu mwanzo, na chenji itarudisha kanzu mpya kwa mwenyewe.